Mkono Ndani ya Kinu

Mwezi uliopita nilipita karibu na nyumba moja inayojengwa Ukunda, na mafundi walikuwa wakikoroga jipsamu ya dari ndani ya ndoo. Harufu yake si kali. Ni kama chaki iliyomwagiwa maji, na mtu mwenye haraka zake haisikii. Mimi ilinisimamisha pale pale juani, mkoba begani, na kabla sijajua ninalofanya nilikuwa nimeukunja na kuukunjua mkono wangu wa kulia, kidole baada ya kidole, kama mama anayehesabu watoto wake jioni. Fundi mmoja akaniuliza kama nimepotea njia. Nikamwambia la, nimekumbuka jambo. Basi nawaombeni nanyi mkae nami kidogo, niwasimulie.

Wakati huo nilikuwa naishi na bibi yangu mzaa mama, upande wa Msambweni, kwenye njia ya kwendea Bodo. Mama alifanya kazi ya usafi katika hoteli moja ya Diani, na alikuja nyumbani siku zake za mapumziko akinukia sabuni ya shuka. Jina langu ni Mejumaa, lakini Bibi aliniita Bi Mkubwa, kwa sababu nilikuwa na maneno ya mtu mzima katika mwili wa kifaranga. Nilikuwa sijatimiza miaka kumi.

Jirani zetu wa ukuta kwa ukuta walikuwa watu wa bara, Wakamba. Baba yao alitunza bustani hotelini, mama yao alikaanga maandazi asubuhi na kuyauza kando ya barabara, na binti yao aliitwa Mueni. Mueni alinizidi umri kwa mwaka mmoja na kimo kwa kichwa kizima. Alipohamia kwetu alikuwa akisema "hii mtoto" na "ile kiti", nasi tukimsahihisha kwa kiburi cha watoto waliozaliwa ndani ya lugha. Lakini siku alipomwona Bibi ametoa kinu uani, aliuchukua mchi bila kuambiwa, akaanza kutwanga kwa mapigo mazito yaliyopangika vizuri, kama moyo wa mnyama mkubwa. Kumbe kwao hutwanga mahindi mpaka yatoke ganda, na yeye amekua akifanya kazi hiyo. Bibi alimtazama, akasema, "Huyu ana mkono." Tangu siku ile Mueni akawa wa kwetu.

Tulikuwa tukitwanga wawili, michi miwili ndani ya kinu kimoja, wangu ukipanda wake ukishuka. Mkishazoea, mikono hujiendesha yenyewe na midomo hubaki huru kwa porojo. Siku hiyo tulikuwa na mpunga mpya kutoka shambani kwa Bibi, na makapi yalirukaruka mpaka yakatukaa kwenye nyusi tukawa kama vikongwe. Mueni alikuwa akinisimulia habari ya mwalimu wao aliyekalia vumbi la chaki, huku akicheka, uso ameuelekeza juu. Mimi nikaona kijiwe ndani ya kinu. Bibi alikuwa na jina kijijini kwa wali usio na mchanga, na kijiwe kile nilikiona kama adui wa ukoo. Mchi wangu nikaushika kwa mkono wa kushoto, wa kulia nikautia ndani. Nilidhani nayajua mapigo, kwamba nitaingia na kutoka katikati yake.

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu anavunja kijiti kikavu ndani ya mfuko wa nguo. Nikautoa mkono na kuutazama, na kwa muda mfupi sana haukuuma hata kidogo. Ulikuwa na bonde mahali ambapo zamani palikuwa na kilima. Halafu maumivu yakaja yote kwa pamoja, na mimi nikaketi chini juu ya makapi.

Mueni hakupiga kelele. Aliuachia mchi ukaanguka, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. "Sikukuona," alisema. "Mejumaa, sikukuona." Alikuwa akilirudia neno hilo hata Bibi alipofika, hata mimi niliposema mbele ya watu wote kwamba ni mimi niliyetia mkono kinuni, yeye hana kosa. Nililisema kwa sauti. Ila nadhani hakulisikia.

Watu wakakusanyika, na kila mmoja alikuwa na shauri lake. Mmoja alitaka ukandwe mara moja kabla haujapoa, mwingine alimjua fundi wa kuunga mifupa huko Kinango ambaye hata mbuzi huwaunga. Mzee mmoja alikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ingawa nilikuwa nalia nilitaka kumwambia kwamba huu ni mkono, methali haikuutaja. Bibi mwenyewe alikuwa mkandaji wa wanawake waliojifungua, na wengi walimtazama yeye. Aliushika mkono wangu kama mtu anavyoshika yai, akaugeuza kidogo, akaurudisha. "Nyama nitaikanda," alisema. "Mfupa siuoni, na nisichokiona sikikandi. Nitafutieni pikipiki."

Tukapanda watatu, mimi katikati, mkono umefungwa kifuani kwa leso, na kila shimo la barabara ile nililijua kwa jina lake.

Huko hospitali ndiko nilikokiona kitu ambacho mpaka leo sijamaliza kukishangaa. Niliingizwa katika chumba chenye baridi, nikaambiwa niulaze mkono juu ya meza, kiganja chini, nisitikisike. Nikayafumba macho kuyasubiri maumivu. Kikalia kitu kama kufuli inayofungwa, na bwana wa kupiga picha za mifupa akasema niinuke. Nilidhani bado hajaanza, naye alikuwa ameshamaliza.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye Kiswahili cha bara. Aliichukua ile karatasi nyeusi ya nailoni, akaibandika kwenye kisanduku cha taa ukutani, akaiwasha taa. "Njoo uone," akaniambia. "Hii ndiyo mkono yako."

"Wako," Bibi alinong'ona, maana lugha hakuweza kuiacha hata siku ya msiba. Halafu na yeye akaona, akaisahau lugha.

Ulikuwa mkono wangu, lakini mimi sikuwamo. Nyama yangu, ngozi yangu, hina iliyobaki kwenye kucha mbili, vyote vilikuwa moshi tu, na ndani ya moshi ilisimama mifupa myeupe, myembamba, imepangwa kwa ustadi ambao sijawahi kuuona hata kwenye mlango wa nakshi. Kwenye kifundo palikuwa na vijiwe vidogo kama kete za bao. Kutoka hapo ilipanda mifupa ya kiganja, kisha vidole, kipande juu ya kipande, kila kimoja kikimngoja mwenzake. Na upande wa kidole cha mwisho na kile cha pete, mifupa miwili ilikuwa imekatika katikati na kupishana, kama watu waliogombana wakapeana mabega.

Daktari alinieleza kwamba mtu mzima ana mifupa ishirini na saba katika mkono mmoja. Nikaihesabu ya kwangu pale ukutani, ikapungua. Nikaingiwa na hofu kwamba mingine imesagika kinuni. Akacheka kidogo. "Haijapotea. Mingine yako bado ni laini, picha haiioni. Na hizi nafasi unaona karibu na vidole, hapa si kuvunjika. Hapa ndipo unakua."

Nikaangalia mahali ninapokua. Palikuwa mstari mwembamba wa giza, si zaidi ya uzi. Nilikuwa nimekwisha kuvaa viatu vya kubana na magauni ya kushushwa upindo, lakini sikuwahi kufikiria kwamba kukua kuna mahali pake, na kwamba mtu anaweza kupaonyesha kwa ncha ya kalamu.

Walinichoma sindano ya ganzi, wakanivuta vidole mpaka mifupa ikarudi mahali pake, kisha wakanifunga kwa vitambaa vilivyoloweshwa, tabaka juu ya tabaka, na hapo ndipo nilipoijua ile harufu. Plasta ilikuwa baridi mwanzoni. Baadaye ikaanza kupata joto yenyewe bila moto, joto la mkate uliotoka kufunikwa, na nikamwuliza Bibi ni nani aliyeiwasha. Alisema nyamaza, lakini niliona na yeye anaigusa kwa ncha ya kidole.

Picha tulipewa twende nayo nyumbani. Wanawake wa mtaa wakaja kuniona, na Bibi akawaonyesha mlangoni, ameinua ile karatasi ielekee jua. Walisimama mbele yake mmoja baada ya mwingine. Mmoja aliutazama mkono wangu wa picha, kisha akautazama wake mwenyewe, mbele na nyuma, kama ameambiwa ndani mwake mna mgeni. "Subhana Llah," Bibi alisema. "Mtu anaosha vyombo, anapeta mchele, anapiga kofi mbu, na haya yote yamo ndani yanamtumikia, naye hana habari." Baada ya siku chache aliikunja ndani ya leso na kukataa kuionyesha tena. Alisema siri ya Mungu haianikwi kama mkeka.

Mtu mmoja hakuja kuiona. Mama Mueni alifika jioni ile ile ya ajali, amembeba kuku kwapani, akasimama mlangoni asiweze kuingia wala kuondoka. Bibi akamkalisha. "Mama Mueni, kuku wako mrudishe atage. Watoto walikuwa kazini, na kazi ina ajali." Wakazungumza mengine. Lakini Mueni hakutokea, wala kesho yake. Nilikuwa nikimsikia ng'ambo ya ukuta akimjibu mama yake kwa neno moja moja. Siku moja nilimwona mgongo akiingia kwao, nikamwita, akafunga mlango. Nikanuna. Niliona kwamba aliyevunjika ni mimi, basi kwa nini ninuniwe tena?

Na shida zangu hazikuwa chache. Mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, na sisi tumefundishwa tangu kunyonya kwamba wa kushoto haupelekwi kinywani. Chuoni, tulikosoma Kurani, mwalimu alituambia kwamba anayekula kwa mkono wa kushoto ni Shetani, na sikutaka kukaa sinia moja naye. Bibi alisema dharura ina ruhusa yake. Mimi nikikishika kijiko kwa kushoto, naona aibu, nakiweka. Bibi alinilisha alipoweza, lakini alikuwa na shamba, na wanawake wa kukandwa, na mimi nilianza kukonda.

Ndipo siku moja mchana Bibi akaingia amemshika Mueni mkononi. Alimkalisha mbele yangu, akaleta wali na mchuzi wa papa, akamnawisha. "Bi Mkubwa," akaniambia, "huyu ndiye mkono wako mpaka huo mwingine upone." Akatoka akatuacha.

Mueni alimega tonge. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka, na punje zikanidondokea mapajani. La pili likafika. La tatu lilikuwa kubwa mno, likanijaza mashavu yote mawili nikashindwa kutafuna wala kusema, nikawa natoa macho tu. Mueni akanitazama. Kwanza uso wake ulikunjamana kama wa mtu atakayelia, kisha kicheko kikampasuka puani, na mimi nikacheka na wali wote ukaishia kwenye mkeka.

Baada ya hapo alikuja kila siku. Alinisuka, alinifunga leso, alinishikia daftari ili niandike kwa kushoto herufi zilizolala kama walevi. Plasta ilipowasha ndani alinikuna kwa njiti ya ufagio, akiiingiza polepole, ulimi umebana kati ya meno. Kutwanga tu ndiko alikokataa. Bibi akitoa kinu, yeye alikumbuka kazi kwao.

Siku moja tulikuwa tumelala chali barazani, akaniuliza, "Huko ndani kunafanyika nini saa hii?"

"Unaunga."

"Unaunga aje? Nani anaunga?"

Nikauinua mkono uliofungwa. Akaja akaweka sikio lake juu ya plasta, akafumba macho. Nilimwona anasikiliza kwa uso mzima. Kuku walikuwa wakiparura, na mbali mtu alikuwa akipasua nazi.

"Nasikia," alisema.

"Unasikia nini?"

"Kama wali ukikauka maji."

Nikaweka sikio langu na mimi, nikasikia. Msinicheke. Najua sasa kwamba tulikuwa tunasikia damu ya masikio yetu wenyewe. Lakini mara nyingi tulirudi kusikiliza, na hatukumwambia mtu.

Siku ya kufunguliwa plasta tulikwenda hospitali na Mueni pia, kwa kuwa aliomba. Kilichotoka mle ndani kilinitisha. Kilikuwa chembamba, cha rangi ya mzizi, ngozi ikibanduka kama ganda la kitunguu, na harufu yake nitaisitiri. Niliambiwa nikunje vidole. Niliviamuru, navyo vikanitazama. Vile viwili vya mwisho havikusogea kabisa. "Umekufa," nilimwambia Bibi.

Picha mpya ikabandikwa kando ya ile ya kwanza. Palipokuwa na pengo sasa palikuwa na wingu jeupe, limeuzunguka mvunjiko pande zote, nene kuliko mfupa wenyewe.

"Hiyo ni mfupa mpya," daktari alisema.

Bibi alisogea karibu. "Na ni nani aliyeutia?"

"Si mimi, nyanya. Mimi nilinyoosha na kufunga tu. Mwili ndio umeutengeneza."

"Kwa hivyo huyu alikuwa analala, anakula, ananuna, na kazi inaendelea."

"Ilikuwa inaendelea."

 Bibi aliinua mtandio wake akajifuta macho, na Mueni, aliyekuwa nyuma yetu, akauweka mkono wake juu ya ukuta chini ya ile picha, karibu nayo bila kuigusa.

Vidole vilirudi kwa kudaiwa. Asubuhi niliuloweka mkono kwenye maji ya vuguvugu na kuminya kitambaa, na jioni nilikanda unga wa chapati, Mueni ameuweka mkono wake juu ya wangu anausukuma. Niligombana na kidole cha pete kama na mtoto mtundu. Nikalia, nikaacha, Mueni akaniburuta tena kwenye unga. Kisha siku moja tukila, bila kufikiri, nilimega tonge kwa mkono wangu wa kulia. Sikulipeleka kinywani mwangu. Nilimlisha yeye.

Walihama mwaka uliofuata, hoteli ilipopunguza watu. Mueni sasa anafundisha Kinango, ana watoto, na husahihisha Kiswahili cha wanafunzi wake kwa ukali zaidi kuliko Bibi.

Bibi alipofariki, Mama Mueni alisafiri akaja matangani. Tulikuwa tumekaa mkekani, wanawake wamemaliza kusoma Kurani, akanigeukia. "Bibi yako alikwambia vile alimfungua Mueni?"

Nikamwambia sielewi.

"Ile siku ya ajali, usiku, Mueni alirarua leso yangu ya zamani. Akajifunga mkono, huu wa kulia, na vipande vya boksi, kama yako. Akakataa kufungua. Anakula na kushoto, analala nayo, mkono imefura. Baba yake akamsemesha, mimi nikamwomba. Wapi. Nikaona aibu kuambia watu." Alisogea karibu nami. "Sijui bibi yako alijuaje. Alikuja tu, akaketi chini kwa sakafu. Hakumgombeza. Alimwuliza, 'Umevunjika wapi?' Mueni akamwonyesha. Akafungua ile leso pole pole, akagusa kidole moja moja vile anagusanga wagonjwa wake. Akamwambia, 'Huu ni mzima, mwanangu. Nauazima. Kwangu kuna mtoto hana wa kumlisha.'"

 Miaka ile yote niliamini kwamba Mueni aliletwa kwa ajili yangu, kwa sababu nilikuwa na njaa. Nilikuwa nimekaa mbele yake, nimefungua kinywa, nikimwona mkono unatetemeka, na sikujua kwamba ulikuwa umefunguliwa muda mfupi tu uliopita, damu ndiyo kwanza inarudi.

Sijamwuliza Mueni habari hii, naye hajanieleza. Nilimtembelea Kinango baada ya matanga. Alinipokea mlangoni, akanishika mkono kunisalimu, na mimi nikauacha mkononi mwake muda mrefu kuliko desturi, mpaka akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia salama. Tukaingia ndani, watoto wake wakaja mmoja mmoja kuniamkia.